Hili Si Langu

Ukipanda daladala asubuhi hapa Tanga, hufiki stendi ya Kange bila kusikia tangazo la dawa. Redio ya dereva inataja tezi dume, vidonda vya tumbo, uvimbe wa kizazi, kisukari, presha na nguvu za kiume kwa pumzi moja, kisha inasoma namba ya simu mara mbili. Barabarani kuna mabango. Sokoni kuna spika inayorudia maneno yaleyale tangu maduka yanapofunguliwa mpaka yanapofungwa, na kwenye simu zetu kuna video za watu waliovaa makoti meupe. Zamani mganga alitafutwa na mgonjwa. Sasa mgonjwa ndiye anayetafutwa.

Mapema mwaka huu tangazo la namna hiyo lilimfikia wifi yangu, mke wa kaka yangu. Alikuwa amegusa uvimbe kwenye titi, akanyamaza nao. Kliniki moja ya tiba mbadala ilimshikisha kijiti cha chuma kilichounganishwa na kompyuta, ikamchapishia karatasi zenye hali ya ini, figo, moyo na mifupa yake, ikamwambia kwamba uvimbe ule ni mrundikano wa sumu mwilini. Dawa yake ilikuwa makopo na chupa za miezi mitatu, kwa pesa ambayo familia ingeipata kwa kuuza ng'ombe. "Wifi, wewe umeuguza watu maisha yako yote," aliniambia kwenye simu. "Nianze hiyo dozi au nisubiri?" Nilimwomba afanye jambo moja kabla ya yote: aende hospitali akatwe kinyama kikapimwe maabara. Akakubali. Ilikuwa saratani, nayo ilikuwa bado katika hatua ya kufanyiwa upasuaji. Ameshapasuliwa na anaendelea na matibabu.

Namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini tangu simu ile nimekuwa nikiwaza. Kwamba kijiti cha chuma hakiwezi kuona saratani, hilo anayejua namna mwili unavyofanya kazi hashangai. Kinachonichoma ni kwamba katika kliniki yote ile, yenye mapokezi ya vioo na wahudumu wenye sare, hakuwapo hata mtu mmoja wa kumwambia: mama, hili limetushinda, nenda kwingine. Mimi nililelewa na mwanamke aliyekuwa akisema hivyo mara kwa mara, na alikuwa mganga wa miti shamba asiyejua kusoma.

Bibi, mzaa mama yangu, aliishi kijijini Muheza, na utoto wangu wa miaka ya 1970 ulipita katika uwanja wake wa nyuma. Hakupiga ramli wala hakupunga pepo. Kazi hizo zilikuwa na wenyewe. Yeye alijua majani, magome na mizizi. Majani ya mpera kwa tumbo la kuhara, kivumbasi na mchaichai kwa mafua na homa ndogo, mwarobaini kwa upele, gome la mzambarau, na mengine ambayo jina lake alilijua kwa Kibondei tu. Mgonjwa alipofika hakuandaliwa dawa kwanza. Alikaribishwa mkekani, akapewa maji, kisha maswali yakaanza: amekula nini, analala wapi, choo kikoje, mkojo una rangi gani, nyumbani kuna ugomvi, nani mwingine anaumwa. Mara nyingine mgonjwa alianza kulia hata kabla hajasema panapouma, na Bibi alimwachia alie. Malipo yalikuwa ada ndogo ya kuanzia. Shukrani yenyewe, kuku au kanga au pishi ya mchele, ililetwa mtu akishapona. Asipopona, hakuna aliyedaiwa.

Nakumbuka usiku alipoletwa mtoto wa kiume aliyekuwa akihema kwa shida, mbavu zikiingia ndani kila anapovuta pumzi. Bibi alisogeza koroboi, akafungua kiganja cha mtoto, akavuta kope la chini la jicho, akatazama weupe uliokuwa mahali pa wekundu. Hakugusa mkoba wake. "Mwanangu," alimwambia yule mama, "hili si langu. Huyu hana damu. Mpelekeni hospitali sasa hivi, msingoje kupambazuke." Akamfunika mtoto kwa kanga yake mwenyewe, akamwamsha mjomba atoe baiskeli. Mtoto aliongezwa damu hospitalini Muheza, akarudi hai. Miaka mingi baadaye, darasani, nilifundishwa dalili za upungufu mkubwa wa damu unaosababishwa na malaria kwa watoto: kiganja cheupe, kope jeupe, kuhema kwa shida. Nilizijua tayari.

Mpaka ule Bibi aliuwekaje bila maabara? Nadhani aliwekewa na kijiji. Mtoto akifia mikononi mwake, angekutana na mama yake kisimani, msibani, kwenye harusi ya mwaka unaofuata. Kila dawa aliyotoa ilimrudia na habari zake, nzuri au mbaya, na kwa miaka arobaini aliziweka kichwani: hii inasaidia, hii haisaidii, hii isipoleta nafuu kwa siku tatu mpeleke mtu kwa daktari. Anayeuza dawa kwa namba ya simu hakutani na mama wa marehemu. Mgonjwa akizidiwa, namba yake haipigi tena, na kwa muuzaji kimya hicho huhesabiwa kuwa kupona.

Chuo cha uuguzi kilitufundisha kwamba dawa za kienyeji ni adui. Niliandika hivyo kwenye daftari kwa sababu mtihani ulitaka hivyo, kisha nikarudi kufanya kazi Tanga, na kazi ikanifundisha upya. Ilikuwa mapema miaka ya 1990. Wodi zilijaa watu wa umri wangu wanaokonda mpaka shuka likawa zito kwao, na dawa ya kupunguza makali ya virusi haikuwapo kwetu. Tulikuwa na paracetamol, vidonge vya kuhara na maneno ya faraja. Katika hali hiyo, Tanga lilizaliwa kundi la watumishi wa afya waliokubali kukaa meza moja na waganga wa asili, likajulikana kama Tanga AIDS Working Group. Dawa za miti kutoka kwa waganga zikawafikia wagonjwa kwa ajili ya magonjwa nyemelezi, na wauguzi wakawatembelea watu majumbani.

Niliyoyaona kwa macho yangu ni haya: mtu aliyejikuna usiku kucha akalala, malengelenge ya mkanda wa jeshi yakakauka, mama aliyekataa chakula akaomba uji. Sikuona aliyepona UKIMWI, na waganga niliowafahamu hawakudai hivyo. Mmoja wao, mzee wa Pangani mwenye sauti ndogo, aliulizwa na daktari kijana kama dawa yake inaua virusi. Mzee alifikiri kidogo, akasema: "Mwanangu, kidudu hicho sijakiona, nitasemaje nimekiua? Nimeona mtu anakula. Nimeona mtu analala. Hayo ndiyo ninayoyajua." Yule daktari akayaandika yote kwenye faili la mgonjwa. Nimefanya kazi na maprofesa, na bado naliheshimu jibu lile kuliko mengi niliyoyasikia kwao.

Maana sayansi yenyewe, inapofanywa vizuri, huanzia hapohapo. Nilipohamia Arusha nilikuta wakulima wanaolima pakanga, mmea ambao majani yake hutoa artemisinini, kiini cha dawa mseto ya malaria tunayoitumia nchini. Aliyekitoa kiini hicho ni mwanasayansi wa Kichina, Tu Youyou. Katika miaka ya vita vya Vietnam yeye na wenzake walipekua vitabu vya kale vya tiba za Kichina, akakuta maelezo ya Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, kwamba majani yalowekwe kwenye maji na kukamuliwa. Hapo awali wao walikuwa wakitumia moto. Tu akatambua kwamba huenda moto ndio unaoharibu dawa, akabadili njia, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Mzee wa karne ya 4 alijua jambo la kweli. Lakini kati ya ujuzi wake na kidonge kinachookoa mtoto wa Muheza kulikuwa na kazi ndefu ya kupima: kiasi gani, kwa siku ngapi, kwa mwili wa uzito gani, pamoja na dawa gani nyingine. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani halishauri watu kunywa chai ya pakanga kutibu malaria. Kiasi cha dawa katika kikombe hakijulikani, na dozi pungufu huwafundisha vimelea ukaidi.

Arusha nilipangiwa kliniki ya watu wanaoishi na VVU. Serikali ilianza kutoa dawa za kupunguza makali bure mwaka 2004, na kwa sisi tuliotoka katika wodi za miaka ya 1990 ulikuwa ufufuo. Watu waliokuja wakibebwa walirudi kulima. Wanawake walizaa watoto wasio na maambukizi. Niliamini hoja imekwisha. Nani angeyaona haya kisha aziache dawa hizi?

Mwaka 2011 nikapata jibu. Katika kijiji cha Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri, Ambilikile Masapila, alikuwa akitoa kikombe cha dawa iliyochemshwa kutokana na mti wa mugariga. Kikombe kimoja tu, kwa shilingi 500. Ilisemwa kinaponya UKIMWI, kisukari, saratani, pumu. Ndani ya miezi michache njia ya vumbi ya kwenda Samunge ilijaa magari ya kila aina, foleni ikahesabiwa kwa kilomita, na helikopta zikatua. Walikuja Wakenya, walikuja wakubwa wa serikali, mawaziri wakapigwa picha wakinywa. Wapo waliotolewa vitandani hospitalini wakafia njiani wakisubiri zamu. Na serikali ilipotangaza kwamba kikombe hakina sumu, watu wengi walisikia kwamba kinaponya.

Kwenye kliniki yetu viti vilianza kubaki vitupu. Jina linaitwa, hakuna anayeitika. Wengine walifika kutuaga kwa heshima, wakatushukuru kwa huduma, wakarudisha makopo yenye dawa ambazo hawakuzihitaji tena. Tuliwasihi. Tuliwaambia kwamba virusi hujificha mwilini na dawa ikikatishwa huamka, wakati mwingine vikiwa vimezoea dawa. Walitusikiliza kama watu wanaosikiliza lugha ya nchi waliyokwisha kuihama.

Mmoja wao, mwalimu wa shule ya msingi, alirudi kabla mwaka haujaisha, amekonda, anakohoa, kifua kikuu kimeshamkamata. Tulimwanzishia dawa upya, na baada ya muda akapata nguvu. Siku moja nilikaa naye bila faili mkononi nikamwuliza, nikitaka kujua kwa dhati, kule alipata nini ambacho kwetu hakupata. Alinijibu bila hasira: "Dada, kila mwezi nikija hapa mnahesabu vidonge vyangu. Vikizidi, nagombezwa. Vikipungua, nagombezwa. Kule tulikaa njiani siku nzima na usiku, tukaimba, tukagawana mkate na watu nisiowajua, na hakuna aliyejua nani ana ugonjwa gani. Yule babu akanitazama akanipa kwa mkono wake. Nikajisikia mtu."

Maneno hayo yanaeleza Loliondo kuliko mti wowote. Watu hawakukosa akili. Mwalimu yule aliijua hesabu ya CD4 yake, chembe za kinga mwilini, kuliko wauguzi wapya. Alikuwa amechoka kuwa mgonjwa wa maisha, na mahali fulani palimwahidi kwamba uchovu huo utakwisha kwa siku moja. Masapila ametangulia mbele ya haki, alifariki mwaka 2021, na sitaki kumhukumu. Bei yake ya shilingi 500 haikuwa ya mtu aliyetafuta utajiri. Lakini Bibi angekitazama kile kikombe kimoja kwa magonjwa yote na angeuliza: lipi kati ya haya ambalo si lake?

Waliokuja baada ya Loliondo walijifunza kutokana nayo, na walichojifunza ni biashara. Makopo yakapata lebo zenye majani ya kijani na neno asilia. Miaka michache baadaye alifika hospitalini mama mmoja mwenye maumivu ya viungo aliyekuwa akitumia unga fulani wa mitishamba. Alikuwa akiusifu: maumivu yaliisha kwa siku mbili. Uso wake ulikuwa umejaa na kuwa wa mviringo, ngozi imekuwa nyepesi inachubuka kwa kuguswa, sukari imepanda. Daktari alitambua dalili za mtu anayetumia steroidi kwa muda mrefu, na unga ule ndio pekee aliokuwa akiutumia. Jambo hili linajulikana duniani kote: dawa za mitishamba za maumivu zimekutwa na steroidi, na zile za nguvu za kiume zimekutwa na sildenafil, zimesagwa humo kimyakimya ili mteja aone matokeo ya haraka. Mama yule alidhani amekimbia kemikali za hospitali. Alikuwa akizila kila siku, bila kipimo na bila mtu wa kumwonya kwamba akiziacha ghafla mwili unaweza kuporomoka. Tulizipunguza polepole.

Hata kilicho asilia kweli si lazima kiwe salama. Mapema miaka ya 1990 wanawake waliokwenda kliniki ya kupunguza unene huko Brussels, Ubelgiji, waliharibikiwa figo kwa mimea ya Kichina waliyopewa. Sumu iliyowaharibu ilitoka kwenye mmea wenyewe, si kiwandani.

Kuhusu saratani, ambayo ndiyo iliyonirudisha kwenye kumbukumbu hizi, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha mwaka 2018 ulinganisho wa wagonjwa nchini Marekani. Waliochagua tiba mbadala peke yake badala ya matibabu ya hospitali walikuwa katika hatari ya kufa mara 2.5 zaidi ya wenzao. Kwa saratani ya titi, zaidi ya mara 5. Wenye hali nzuri ya maisha ndio walioelekea zaidi kuchagua hivyo. Huko nako watu wanakimbia kitu.

Sitakaa sana kwenye ugonjwa wa Korona, kwa sababu majeraha yake hayajapona katika familia nyingi. Mgonjwa wa kwanza nchini alipatikana Arusha, Machi 2020, nasi tulikuwa hapo. Rais Magufuli alihimiza kujifukiza, ndege ikatumwa Madagascar kuleta kinywaji cha mitishamba cha Covid-Organics, Hospitali ya Taifa Muhimbili ikaweka vibanda vya kujifukizia. Malimao, tangawizi, mikaratusi na mchaichai vilipanda bei sokoni. Mvuke hulegeza kamasi, na aliyebanwa kifua hupata nafuu ya muda. Bibi alitufukiza sote utotoni. Lakini niliwaona watu waliojifukiza nyumbani kwa siku nyingi huku oksijeni ikishuka mwilini, wakaletwa midomo imeshabadilika rangi. Nikamwona pia mtoto aliyeunguzwa na sufuria iliyopinduka chini ya blanketi. Hofu inataka mikono iwe na kazi, na hilo nalielewa. Kilichokosekana ilikuwa sauti moja tu, kwa kila redio, ya kusema lini uache sufuria ukimbilie hospitali.

Sheria tunayo. Bunge lilipitisha Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala mwaka 2002, na Baraza lake lipo, linasajili waganga, vituo na dawa. Jambo jema. Ila namba ya usajili inasomwa redioni kana kwamba ni cheti cha uponyaji, na msikilizaji haambiwi kwamba kumsajili mtu kutoa huduma si kuthibitisha kwamba huduma yake inaponya saratani. Ningependa Baraza lizuie tangazo lolote linalotaja saratani, kisukari au VVU kabla ya ushahidi kuwekwa mezani. Na ningependa kila daktari na muuguzi aulize swali moja kabla ya kuandika dawa: unatumia nini kingine nyumbani? Aulize kwa upole, akae, asubiri jibu. Wagonjwa wengi hutuficha kwa sababu wanaijua sura tutakayowaonyesha.

Baada ya kustaafu nilirudi Tanga, na huwa naitwa kwenye mikutano ya waganga na watumishi wa afya. Mmoja ulikuwa tarehe 31 Agosti, Siku ya Tiba Asili ya Mwafrika. Tulizungumza asubuhi nzima juu ya dalili za hatari na umuhimu wa kupeleka wagonjwa hospitali mapema. Mchana mama mmoja mganga, mtu mzima, akasimama. Akasema amekuwa akipeleka watu hospitali tangu ujana wake: mwenye uvimbe, mjamzito anayetokwa damu, mtoto mwenye degedege. Huwaandikia karatasi, au humwomba mjukuu amwandikie. "Karatasi zangu mnazipokea?" aliuliza. "Mbona hata siku moja hamjanijibu alikuwa na nini, na kama amepona? Mimi nitajifunzaje?"

Daktari aliyekuwa mezani alikiri kwamba karatasi hizo hutupwa mapokezi. Tangu hapo, vituo viwili vya afya vimeanza kutumia fomu yenye sehemu mbili: juu anaandika mganga, chini anajibu daktari, na nusu ya chini inarudishwa kwa mganga. Fomu za waganga zinafika. Majibu bado yanachelewa, na mara nyingi mimi mwenyewe huenda kuyafuata dirishani.